1,002 kwa 992

Wifi yangu wa Busia haandiki ujumbe. Yeye hutuma sauti, na sauti zake huja ndefu, na nyuma yake kuku, redio ya jirani na watoto wanaogombania kiti. Hii iliyonikosesha raha ilikuwa fupi. Nyuma yake palisikika benchi la zahanati likiburutwa, na mtoto akilia kile kilio kikavu cha mtoto aliyekwisha choka kulia.

"Wifi, wamemtoboa kidole, wameweka damu kwenye kile kidude, mistari imetoka miwili. Malaria. Na kijitabu chake ninacho hapa mkononi, sindano tatu zote zimeandikwa. Sasa niambie wewe unayesomasoma: ile chanjo ilikuwa ya nini?"

Nilimjibu papo hapo jibu ambalo kila mtu hulitoa, kwamba asingechanjwa huenda angeugua vibaya zaidi. Akasema "haya," akakata.

Mtoto alipewa AL, dawa ya malaria, akaimeza kwa maziwa, na siku ya tatu akawa anafukuza kuku. Huyo hana neno.

Ila swali la mama yake nililibeba wiki kadhaa. Kilichonikera ni kwamba jibu langu halina namna ya kuthibitishwa kwa mtoto mmoja. Huwezi kumchukua mtoto yuleyule, ukamrudisha nyuma mwaka mzima, ukamnyima sindano, ukaona. Ili kujua chanjo ilikuwa ya nini, lazima uwe na maelfu ya watoto, nusu umewachoma na nusu hukuwachoma, uwahesabie homa zao kwa miaka. Na hesabu hiyo ilishafanyika. Sehemu yake kubwa ilifanyika hapa kwetu Kilifi, na majibu yake ni magumu kuliko yale tunayowaambia kina mama kwenye foleni.

## Tunadai kinga ambayo maumbile yenyewe hayatoi

Mtoto akiugua surua akapona, kwisha, hairudi. Chanjo ya surua inaiga kazi ambayo mwili wenyewe unaiweza.

Malaria haiko hivyo. Nyanya yangu aliishi Ganze maisha yake yote, mbu wakimla tangu yu kitoto, na uzeeni bado masika yakipita alikuwa na homa yake ya kila mwaka. Haikumuua. Mwili wake ulikuwa umejifunza kuishi na kile kimelea, lakini haukuwahi kujifunza kukifukuza.

Kwa hiyo watafiti waliombwa kutengeneza kitu kinachoushinda mwili ulioumwa mara mia. Ukilitazama hivyo unaacha kushangaa kwamba imechukua zaidi ya miaka thelathini.

Ile chanjo ya kwanza, RTS,S, ilianza kutengenezwa mwaka 1987 na kampuni ambayo leo ni GSK pamoja na watafiti wa Walter Reed, taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani. Jeshi lilikuwa linawawazia askari wake. Mtoto wa Homa Bay alikuja kufikiriwa baadaye, na fedha za kumfikiria zikatoka kwingine. Tuyaache hayo.

Walichofanya ni kuchukua kipande cha protini inayofunika kimelea kile kinapotoka kwenye mate ya mbu, wakakiunganisha na protini ya kirusi cha homa ya ini aina ya B, wakaizalisha ndani ya hamira. Mwili ukikiona kipande kile unatengeneza kingamwili, ili mbu akija na kimelea chenyewe kikute kimeshasubiriwa.

Shida ni muda. Mbu anamwaga vimelea makumi tu hivi chini ya ngozi. Vinatafuta mshipa wa damu, na vya kwanza vinaweza kuwa vimeingia kwenye ini ndani ya nusu saa. Kingamwili zinapaswa kuvinasa katika muda huo mfupi, vyote. Mfikirie mlinzi anayetakiwa kumkagua kila abiria wa feri ya Likoni jioni, kabla lango halijafungwa, na akimkosa mmoja tu kazi yote ya siku imeharibika. Kimelea kimoja kikifika kwenye ini, baada ya wiki moja hivi kinatoka maelfu kwa maelfu na kuingia kwenye damu. Huko chanjo hii haina la kusema tena. Kinachopigana huko ni kitu kingine kabisa, na hicho hauufundishi mwili kwa sindano hii.

Kwa hiyo chanjo ya namna hii inafanya kazi damu ikiwa imejaa kingamwili tele. Zikipungua kidogo, mlango umefunguka. Na zinapungua. Miezi kadhaa baada ya sindano ya tatu zimekwishaanza kushuka.

Mtoto wa wifi yangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Sindano yake ya tatu aliipata akiwa na miezi tisa.

## Kilifi, 2007

Kabla ya kufika hapo palikuwa na majaribio mengi yaliyoanza kwa shangwe. Idete, karibu na Ifakara, Tanzania, miaka ya tisini mwanzoni, watoto walichomwa chanjo ya Mkolombia Manuel Patarroyo iliyoitwa SPf66. Matokeo yalitangazwa 1994: ilipunguza malaria kwa asilimia 31. Watu walifurahi. Kisha ikajaribiwa Gambia na Thailand, haikufanya kitu, ikaachwa. Mwaka 2004 RTS,S nayo ilileta asilimia 30 kule Manhiça, Msumbiji, na waliokumbuka Idete nadhani walishangilia kwa tahadhari.

Mwaka 2007 ikawa zamu ya Kilifi. Watoto 447, wa miezi mitano hadi kumi na saba. Nusu walipewa RTS,S, sindano tatu. Nusu nyingine walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili wasichomwe maji matupu na kuondoka mikono mitupu.

Mama mmoja wa Junju, huku Kilifi, ambaye mwanawe alikuwa humo alinieleza ilivyokuwa. Kijana wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, alikuwa akipita nyumbani na baiskeli, anakaa kwenye mkeka, anachomeka kipimajoto kwapani, wanaongea habari za mvua wakisubiri kilie. Kikionyesha homa, kidole kinatobolewa, tone linapakwa kwenye kioo. Wiki inayofuata tena. "Miaka yote hiyo," aliniambia, "sikujua mwanangu alidungwa ya malaria au ya mbwa. Hata yule kijana hakujua. Nikimuuliza anacheka."

Na wakati huo majirani walikuwa na lao. Wa Pwani mnajua: ukisema damu, jibu ni mumiani, wale wanyonya damu. Kituo cha utafiti cha Kilifi kipo tangu 1989, na tangu 1989 kuna watu wanaovuka barabara wakiliona gari lake. Mama yule alisema mama mkwe wake hakumsemesha kwa muda mrefu kwa sababu ya zile damu za mtoto. Yeye alibaki kwa sababu moja tu, ambayo haina uhusiano na sayansi: mtoto akiugua usiku, pale kituoni alihudumiwa.

Watoto wale walifuatiliwa miaka saba. Aliyeongoza kuandika matokeo ni daktari Mtanzania, Ally Olotu, ambaye baadaye ameongoza majaribio ya chanjo kule Bagamoyo. Matokeo yakatoka 2016.

Hesabu ya homa za malaria kwa miaka saba, kundi lililochanjwa: 1,002.

Kundi la kichaa cha mbwa: 992.

Nilizisoma namba hizo usiku, nikarudia, nikidhani nimegeuza safu. Sikuwa nimegeuza. Watoto 223 upande mmoja, 224 upande wa pili, na baada ya miaka saba ya vipimajoto kwapani, mizani imelala sawa. Ukizifanyia hesabu za kitakwimu, ufanisi unatoka asilimia 4.4, na hata hiyo huwezi kuitofautisha na sifuri.

Ukiichambua mwaka kwa mwaka unaona kilichotokea. Mwaka wa kwanza waliochanjwa waliugua kidogo kuliko wenzao, tofauti iko wazi. Ikaendelea kupungua. Mwaka wa nne haikuwepo. Mwaka wa tano, kwa watoto waliokaa sehemu zenye mbu wengi zaidi, ikageuka: waliochanjwa waliugua zaidi, kwa zaidi ya asilimia 40.

Sababu inaeleweka. Wakati wale waliochanjwa wanakingwa, wenzao walikuwa wanaugua, na katika kuugua kwao walikuwa wanapata ule ujuzi wa nyanya yangu, wa kuishi na kimelea. Kinga ya sindano ilipoisha, waliochanjwa walianza darasa hilo wamechelewa.

Hapo kwa siku kadhaa nilikuwa upande wa wifi yangu. Chanjo ilikuwa ya nini?

## Kilichonigeuza

Kilichonigeuza ni umri.

Mtoto aliye katika mwaka wa tano wa utafiti ule ana miaka sita hivi. Huugua malaria, hukosa shule, hunywa dawa, hupona. Mtoto wa mwaka mmoja huweza kuamka na homa asubuhi, akapata degedege mchana, na jioni hana damu ya kutosha mwilini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya malaria vya mwaka 2023 kuwa 597,000 duniani, asilimia 95 Afrika, na katika vya Afrika robo tatu hivi ni vya watoto wasiofikisha miaka mitano. Kwa hiyo namba mbili zilizolala sawa baada ya miaka saba hazina maana kwamba hakuna kilichobadilika. Kama homa zimesogezwa kutoka mwaka wa pili wa mtoto hadi wa sita, huo ni umbali mkubwa sana, hata jumla ikibaki ileile.

Lakini angalia neno langu: kama. Watoto 447 ni wachache mno kukuonyesha vifo. Na wale wa 2007 hawakupata sindano ya nne.

Ya nne ilikuja kwenye jaribio kubwa, awamu ya tatu, lililoanzia Bagamoyo Mei 2009 na kuenea vituo 11 katika nchi saba: watoto 15,459, Kilifi, Kombewa, Siaya na Korogwe wakiwemo. Kwa waliochomwa dozi nne wakianza wakiwa na miezi mitano hadi kumi na saba, malaria ilipungua kwa asilimia 36 katika miaka minne hivi.

Hapa ndipo tunapodanganyana bila kukusudia. Mtu akisikia asilimia 36 anadhani watoto 36 katika mia hawatapata malaria maishani. Sivyo. Ni homa zilizopungua, na mtoto mmoja anaweza kuwa nazo nyingi. Kwenye jaribio lile, kila watoto 1,000 waliochanjwa dozi nne waliepushwa homa 1,774. Homa nyingi kuliko watoto wenyewe! Ni kwa sababu kuna vijiji ambako mtoto anaugua mara tatu, nne kwa mwaka, na kumpunguzia theluthi ya mzigo huo ni kumwondolea safari kadhaa za usiku za kwenda zahanati.

Asilimia 36 ya surua ingekuwa aibu. Asilimia 36 ya malaria ya Siaya ni kitu kingine.

## Wasichana

Kuna sehemu ya hadithi hii ambayo watu wa kampeni za chanjo hawapendi kuigusa, na nadhani wanakosea, kwa sababu ndiyo inayonifanya mimi niiamini zaidi.

Jaribio lile kubwa lilitoa ishara tatu mbaya. Homa ya uti wa mgongo: katika watoto wakubwa, 21 kwa waliochanjwa, mmoja kwa wasiochanjwa (waliochanjwa walikuwa mara mbili ya wenzao, lakini hata hivyo). Malaria ya ubongo nayo ilionekana zaidi upande wa chanjo. Na ya tatu, ambayo hakuna aliyekuwa akiitafuta: wasichana waliochanjwa walikufa wengi kuliko wasichana wasiochanjwa. Wavulana hapana.

Huenda ilikuwa bahati mbaya ya namba. Ukipima vitu mia, vitano vitakutisha bila sababu. Wataalamu wengi walidhani hivyo, na homa ya uti wa mgongo yenyewe haikuwa na mpangilio wa kueleweka. Nyingi zilitokea kwenye vituo vichache, tena muda mrefu baada ya sindano. Lakini ungekuwa wewe ndiye wa kutia sahihi, ungetia?

Mwaka 2015 wadhibiti wa dawa wa Ulaya walitoa maoni mazuri. Shirika la Afya Duniani likasema ngoja. Tutaitoa kwanza kwa majaribio katika utaratibu wa kawaida wa kliniki, sehemu za Malawi, Ghana na Kenya, kwa watoto wengi kiasi kwamba kama wasichana wanakufa tutaona. Malawi na Ghana zikaanza Aprili na Mei 2019. Kenya ilizindua Ndhiwa, Homa Bay, Septemba mwaka huohuo.

Toka 2015 hadi 2019 ni miaka minne ya kutafuta fedha na kupanga. Malaria haikungoja wapange. Kuna wanaosema tahadhari ile iliua watoto wengi kuliko ambavyo chanjo ingeweza kuua, na sina hoja ya kuwaangusha. Kisha kuna waliolalamika upande wa pili. Mwaka 2020 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha ukosoaji wa wanamaadili kwamba kina mama wa nchi hizo tatu walikuwa ndani ya utafiti bila kuombwa ridhaa ya kila mmoja na bila kuelezwa wazi zile ishara. Mtoto alifika kliniki, sindano ipo kwenye ratiba, anachomwa. Shirika lilijibu kwamba huo ni utaratibu wa kawaida wa kuingiza chanjo mpya na kwamba taarifa zilitolewa.

Mimi hili la pili naliona zito. Mama wa Junju alitia sahihi, akaelezwa, akauliza, akachekwa. Mama wa kanda ya ziwa, miaka kumi na miwili baadaye, wakati swali la wasichana bado halijajibiwa, alipewa kijitabu chenye mstari mpya. Kwamba mwishowe mambo yalikwenda vizuri hakufuti swali la kama aliulizwa.

Mambo yalikwenda vizuri kweli. Zile ishara tatu hazikuonekana tena, si kwa wasichana wala kwa yeyote. Oktoba 2021 chanjo ikapendekezwa rasmi kwa watoto wa Afrika. Mwaka 2023, baada ya miezi 46 ya kuhesabu katika nchi zile tatu na watoto zaidi ya milioni mbili kuchanjwa, ikatoka namba niliyokuwa nikiitafuta tangu Kilifi: vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa, kwa sababu zote ukitoa ajali, vilipungua kwa asilimia 13.

Vifo vyote, si vya malaria peke yake.

Hapo nilimtumia wifi yangu sauti yangu, ndefu kuliko zote alizowahi kunitumia. Nilimweleza kuhusu feri. Nilimwambia kuhusu watoto wa Kilifi. Nikamwambia kwamba sindano zile tatu zilikuwa za kumvusha mtoto kwenye miezi mibaya kabisa, kwamba nguvu yake sasa imeshuka, kwamba ataugua tena, kwamba neti isitolewe kitandani, na kwamba ile ya nne, akifikisha miaka miwili, asiikose.

Alijibu kwa maandishi, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Mbona hawakuniambia hivi siku ya kwanza?"

## Miezi ishirini na minne

Sina wa kumlaumu. Muuguzi ana kina mama sitini nje, watoto wanalia, kuna chanjo za pepopunda, polio, nimonia, surua, uzito wa kupima na madaftari ya kujaza. Atasema "hii ni ya malaria" na kuendelea na mwingine. Hata mabango hayasaidii. Bango linapenda neno moja lenye nguvu, na "chanjo hii itapunguza, kwa muda, kisha itafifia" si maneno ya bango.

Lakini angalia gharama yake. Ratiba iliyoanza kutumika Kenya ilikuwa miezi sita, saba, tisa, kisha ishirini na minne. Kwa sindano tatu za kwanza mama yuko njiani anakuja kliniki hata hivyo; ya miezi tisa inakutana na surua. Miezi ishirini na minne hakuna kingine kinachomleta. Mtoto anatembea, anaongea, ana mdogo wake mgongoni mwa mama. Ni safari ya makusudi, nauli ya boda kwenda na kurudi, kwa ajili ya sindano ya ugonjwa ambao mtoto ameshaugua mara mbili tangu achanjwe. Kwa akili ya kawaida, kwa nini aende? Mama anayedhani chanjo ni kinga kamili ataiona homa ya kwanza kuwa ni ushahidi kwamba alidanganywa. Na haikosi, nchi zote tatu za mwanzo ziliona watoto wakipungua sana kwenye dozi ya nne.

Ile ile ambayo wa Kilifi wa 2007 hawakuipata.

Ningependa muuguzi apewe sentensi mbili tu. Ataugua bado, lakini mara chache, na hasa sasa akiwa mdogo. Urudi, maana hii inaisha nguvu. Ni sekunde kumi. Wanaoogopa kwamba ukweli huo utawafukuza kina mama hawajawahi kukaa na mama mwenye watoto wanne. Hakuna anayejua zaidi yake kwamba dawa nyingi ni za kusaidia tu.

## Sisi tulitobolewa, wao wanachanjwa

Hili nalo lazima niliseme kwa kuwa watu wa kwetu wananiuliza kila mara.

Kenya ilipoanza kutoa chanjo hii kwenye kliniki, ilianza kaunti nane za magharibi: Homa Bay, Kisumu, Migori, Siaya, Busia, Bungoma, Vihiga, Kakamega. Kilifi haikuwemo. Watoto wa Kilifi walitoa damu 2007, wakatoa tena kwenye jaribio kubwa, na wakatoa mara ya tatu kwa chanjo mpya ya R21. Mpwa wangu wa Busia akachanjwa, mwanangu wa Kilifi hapana.

Maelezo yapo na ni ya haki. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa 2020 ulikuta vimelea kwa asilimia 19 ya watoto waliopimwa kanda ya ziwa, na asilimia 5 hapa Pwani. Na chanjo ilikuwa haba kupindukia: Julai 2023 zilipogawanywa dozi milioni 18 za hadi 2025, ziligawiwa nchi 12 kwa kuangalia nani anazikwa zaidi. Kwa mizani hiyo huwezi kumpa mtoto wa Kilifi kabla ya mtoto wa Siaya. Nakubali. Nakubali kwa kichwa, na bado naelewa kabisa yule mzee wa Pingilikani anayesema tulilima, wakavuna wengine.

Uhaba sasa umelegea, na aliyeulegeza ni R21. Imetengenezwa Oxford, kwenye taasisi ya Jenner, na inazalishwa na Serum Institute ya India kwa bei iliyotajwa mwaka 2023 ya dola mbili hadi nne kwa dozi, chini ya nusu ya RTS,S ilivyokuwa ikiuzwa. Ni ndugu wa karibu wa RTS,S: kipande kilekile cha protini, virusi vilevile vya homa ya ini, ila vipande vya malaria vimejaa zaidi. (Viamsha kinga vya chanjo zote mbili vina kitu kinachotoka, amini usiamini, kwenye magome ya mti wa aina moja wa Chile.) Majaribio ya awali yalifanyika Nanoro, Burkina Faso, chini ya Halidou Tinto: asilimia 77 kwa mwaka wa kwanza, kwa watoto waliochanjwa kabla tu ya mvua. Awamu ya tatu ikawa na watoto 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kilifi na Bagamoyo. Sehemu zenye malaria ya msimu, asilimia 75 kwa mwaka. Sehemu kama zetu ambako mbu hawana likizo, 68. Oktoba 2023 ikapendekezwa, na tangu hapo nchi zimefuatana: Kodivaa, Kongo ya Kinshasa, na Uganda, iliyoanza Aprili 2025 kule Apac kwa kuzilenga wilaya 105 kwa mpigo.

Asilimia 75 ndiyo iliyochukuliwa na magazeti, na ndiyo ninayoitajiwa na kila anayenipinga. Mimi huuliza: ya mwaka wa ngapi? Kwa maana mwaka wa kwanza wa RTS,S nao ulipendeza. Kipande cha protini ni kilekile, nusu saa ni ileile. R21 inajaza damu kingamwili nyingi zaidi mwanzoni, na huenda hilo likainunulia muda mrefu zaidi kabla mlango haujafunguka. Au huenda likafifia kwa mwendo uleule kutokea juu zaidi. Ndiyo maana wengine wanatafuta njia ya kukipiga kimelea kikiwa tayari kwenye damu, kwa chanjo ya RH5, ambayo nayo imeshajaribiwa Bagamoyo na Nanoro. Siku moja huenda zikachanganywa kwenye sindano moja.

Wakati huo, zile namba za mwaka wa kwanza haziniambii ninachotaka kujua. Watoto wa Kilifi na Bagamoyo walioanza kuchanjwa R21 mwaka 2021 walikuwa na miezi mitano hadi thelathini na sita. Wakubwa wao wako shule ya msingi. Mwaka wao wa tano unaangukia 2026, na nikiambiwa nichague kati ya uzinduzi wenye mawaziri na karatasi moja yenye hesabu ya homa za mwaka huo, nitaiomba karatasi.